Maisha ya Theodor Fliedner, Aliyewapokea Waliotoka Gerezani

Kila mwaka, baada ya hesabu za fedha na habari za matawi, tumezoea kuweka katika kijitabu hiki maisha ya mtu mmoja wa zamani, ili wanachama na wazee wetu wapate mfano wa kuufikiri. Mwaka huu tumemchagua Theodor Fliedner, mchungaji wa Ujerumani aliyefariki mwaka wa 1864. Walio wengi wamjua kwa ajili ya wauguzi, maana ndiye aliyeanzisha nyumba ile ambamo Florence Nightingale alijifunza kazi ya kuuguza mwaka wa 1851. Lakini kazi yake haikuanza na hospitali. Ilianza na mwanamke mmoja aliyetoka kifungoni, asiye na mahali pa kulala.

Hatukumchagua bure. Shauri la kuwasaidia watu wetu watokao magerezani limeletwa mbele ya chama, na wanachama wamegawanyika. Wako wasemao kwamba fedha ni chache, na wajane na mayatima ni wengi, basi si haki mwizi kutangulizwa mbele ya yatima. Wengine wasema kwamba mtu aliyekwisha kutumikia kifungo chake amelipa deni lake, na kumfungia mlango ni kumhukumu mara ya pili. Maneno yote mawili yana uzito. Sisi hatutaki kuwaamulia wazee. Twaleta tu habari za mtu aliyekutana na jambo hilo hilo katika mji maskini, naye mwenyewe hana fedha, ili wazee wapime.

Kuzaliwa kwake na ujana wake

Fliedner alizaliwa tarehe 21 Januari, 1800, katika mji mdogo wa Eppstein. Baba yake alikuwa mchungaji, na watoto katika nyumba ile walikuwa wengi. Mwaka wa 1813, vita vya Napoleon vilipokuwa vikipita katika nchi yao, homa ilienea pamoja na majeshi, na baba yake akafa kwa homa hiyo. Theodor alikuwa na umri wa miaka 13. Mjane aliachwa na watoto wengi na mali kidogo, na ikawa kijana yule kusoma kwa msaada wa watu wema. Basi tangu utoto alijua maana ya kula chakula kilichotolewa na mkono wa mwingine. Twadhani hilo lilimfaa baadaye, kwa sababu mtu aliyepata kusaidiwa hajivuni anaposaidia.

Alisoma katika vyuo vya Giessen na Göttingen, kisha katika seminari ya Herborn, akawa mwalimu wa watoto katika nyumba ya tajiri mmoja huko Cologne. Mwezi wa Januari, 1822, akiwa na miaka yapata 22, alianza kazi ya uchungaji huko Kaiserswerth, mji ulioko kando ya mto Rhine, karibu na Düsseldorf. Watu wa mji ule walio wengi walikuwa Wakatoliki, na usharika wake wa Kiprotestanti ulikuwa mdogo sana. Wengi wa washarika wake walipata riziki yao katika kiwanda cha mahameli.

Hakukaa hata miezi miwili, kiwanda kile kikafilisika. Wafanyakazi wakakosa mshahara, na usharika ukakosa fedha za kumlipa mchungaji na za kuitunza shule. Ndugu zake walimtegemea, naye alikuwa na njia ya kuondoka, kwa maana aliitwa mahali pengine penye mshahara mzuri. Akakataa. Aliona kwamba mchungaji hawaachi kondoo kwa sababu malisho yamekauka. Badala yake alifunga safari ya kwenda kuomba msaada, kwanza katika miji ya karibu, kisha mwaka wa 1823 akaenda Uholanzi, na baada yake Uingereza.

Safari iliyombadilisha

Alikwenda kutafuta fedha, na fedha alizipata, hata usharika wake ukasalimika. Lakini alirudi na kitu kingine ambacho hakukitafuta. Katika Uholanzi na Uingereza aliwaona Wakristo wa kawaida, wenye kazi zao na nyumba zao, wakijishughulisha na maskini, wagonjwa na wafungwa, bila kungoja serikali iwaamuru. Huko Uingereza alijua habari za Bibi Elizabeth Fry, mama wa watoto wengi, ambaye mwaka wa 1813 aliingia mara ya kwanza katika gereza la Newgate, na mwaka wa 1817 aliunda chama cha wanawake cha kuwasaidia wafungwa wa kike.

Fliedner aliona haya kwa ajili ya nchi yake. Magereza ya Ujerumani ya siku zile yalikuwa mabaya. Kijana aliyeshikwa kwa kosa lake la kwanza aliwekwa chumba kimoja na wezi wazoefu. Aliyehukumiwa alichanganywa na ambaye bado hajahukumiwa. Kazi haikuwapo, wala mafundisho. Aliyeingia akiwa mjinga wa uovu alitoka akiwa fundi wake. Ilikuwa kama shule, ila somo lake lilikuwa wizi.

Aliporudi, aliomba ruhusa ya jambo la ajabu: afungwe yeye mwenyewe kwa muda katika gereza la Düsseldorf, akae na wafungwa na kuyajua maisha yao. Wakubwa wakakataa. Ndipo akaomba angalau aruhusiwe kuwahubiri, wakakubali. Tangu mwezi wa Oktoba, 1825, alikwenda Düsseldorf kila Jumapili ya pili, safari ya yapata maili sita, akahubiri na kusema na wafungwa mmoja mmoja. Kazi hiyo hakulipwa, wala haikumwondolea kazi yake ya usharika.

Chama cha magereza

Baada ya muda alitambua kwamba mtu mmoja hawezi kuinua mzigo ule. Mahubiri ya Jumapili mbili kwa mwezi ni kama maji ya kiganja katika shamba kavu. Kwa hiyo tarehe 18 Juni, 1826, yeye na wenzake walianzisha huko Düsseldorf Chama cha Magereza cha Rhine na Westphalia, chama cha kwanza cha namna hiyo katika Ujerumani.

Twaomba wazee waangalie mambo matatu katika chama kile. La kwanza, Wakatoliki na Waprotestanti waliingia pamoja, katika siku ambazo watu wa dini hizo mbili hawakupendana sana. Fliedner alijua kwamba njaa ya mfungwa haina dhehebu. La pili, chama hakikujaribu kufungua milango ya gereza wala kubishana na hukumu za mahakimu. Kiliomba wafungwa watengwe kwa namna ya makosa yao na umri wao, wapewe kazi, walimu na wachungaji. La tatu, tena ndilo kubwa kwetu, chama kilijitwika pia kazi ya kumwangalia mfungwa baada ya kufunguliwa.

Kazi hii ya tatu ndiyo iliyoonekana kuwa ngumu kuliko zote. Ndani ya gereza mtu ana kuta, ana chakula, ana amri. Siku anapotoka hana hata kimoja. Ndugu zake wamwonea haya, tajiri amwogopa, na jirani ahesabu kuku wake kila apitapo. Watu pekee wanaomkaribisha kwa furaha ni wale aliofungwa pamoja nao. Basi arudi wapi ila kwao? Mambo haya yalikuwa katika Düsseldorf ya mwaka wa 1826, lakini msomaji aliye Kenya hana haja ya kuelezwa sana. Atokaye Kamiti, Kodiaga au Shimo la Tewa azijua njia hizo hizo.

Kibanda cha bustani

Mwaka wa 1828 Fliedner alimwoa Friederike Münster, mwanamke wa umri wake, ambaye kabla ya ndoa alikuwa akilea watoto waliotupwa katika nyumba ya Düsselthal. Haifai kusimulia maisha ya mume yule bila kumtaja mke huyu kwa heshima, maana mengi yaliyoandikwa kwa jina la mume yalitendwa kwa mikono ya mke.

Chama kilitaka iwepo nyumba ya kuwapokea wanawake waliofunguliwa. Wanawake ndio waliokuwa katika hatari zaidi: mwanamume aliyetoka kifungoni huenda akapata kibarua cha kubeba mizigo, lakini mwanamke hakupewa kazi ya nyumbani na mtu yeyote, na njia iliyobaki ilikuwa ya aibu. Fliedner alitafuta mchungaji mwingine, au mji mwingine, utakaoikubali nyumba hiyo. Hakuna aliyekubali. Kila mmoja aliisifu kazi, kisha akatoa udhuru. Mwisho Friederike alimtia moyo mumewe waianze wao wenyewe hapo Kaiserswerth.

Nyumba hawakuwa nayo. Katika bustani ya mchungaji palikuwa na kibanda kidogo, upana wake futi 12 na urefu wake vivyo hivyo, chenye dari juu yake. Tarehe 17 Septemba, 1833, alifika pale mwanamke mmoja aliyefunguliwa, jina lake Minna. Akapewa kibanda kile. Mchana alikaa na kufanya kazi chini, na usiku alipanda darini kwa ngazi akalala, kisha ngazi ikaondolewa. Huo ndio mwanzo wote. Hapakuwa na sherehe, wala jiwe la msingi, wala mgeni wa heshima.

Punde si punde akaja mwingine, na wengine tena. Rafiki wa Friederike aliyeitwa Katharina Göbel alikuja kuwa msimamizi wao. Kibanda kikajaa, ikabidi kukodi nyumba. Wanawake wale walifundishwa kushona, kufua, kupika na kulima bustani, pamoja na kusoma na neno la Mungu. Walipoonekana wako tayari, walitafutiwa kazi katika nyumba za watu waliojua habari zao tangu mwanzo na wakakubali. Hakuna tajiri aliyedanganywa.

Je, wote walitengenea? La. Wako waliosimama imara, na wako waliorudia njia zao za kwanza. Fliedner hakuficha jambo hilo katika taarifa zake, wala hakufunga mlango kwa sababu yake. Mkulima apandaye mbegu hajui ipi itaota na ipi italiwa na ndege, lakini hapana avunaye asiyepanda.

Kazi inavyozaa kazi

Katika kibanda kile Fliedner na mkewe walijifunza jambo ambalo hawakulifikiri kwanza. Huruma peke yake haikutosha. Msimamizi wa wanawake wale alihitaji kujua kuongoza bila ukali, kutambua uongo bila kuchukia, kuuguza mgonjwa, kuweka hesabu na kutunza nyumba. Watu wa namna hiyo hawaokotwi njiani, yapasa wafundishwe. Tena waliwaona wanawake wengi Wakristo, wenye akili na nguvu, wasiopewa kazi yoyote katika kanisa.

Ndipo Fliedner alipokumbuka mashemasi wa kike wa kanisa la kwanza, wale waliowatumikia maskini siku za mitume. Mwaka wa 1836 alinunua nyumba kubwa mjini kwa thaler 2,300, wala fedha hizo hakuwa nazo siku ya kupatana. Alizipata baadaye kwa mikopo na sadaka. Tarehe 13 Oktoba, 1836, nyumba ikafunguliwa kuwa hospitali na chuo cha mashemasi wa kike. Vyombo vyake vya kwanza vilikuwa vichache na vikuukuu. Shemasi wa kwanza, Gertrud Reichardt, binti wa daktari, alifika siku chache baadaye. Mwaka huo huo ilianza shule ya watoto wadogo na mafundisho ya walimu wa kike. Mwaka wa 1842 ilifunguliwa nyumba ya mayatima, na mwaka wa 1852 nyumba ya wanawake wenye ugonjwa wa akili.

Hapa twaomba ndugu zetu wanaowasemea mayatima wasimame kidogo na kufikiri. Huko Kaiserswerth mfungwa hakumnyang'anya yatima mkate wake. Nyumba ya mfungwa ilitangulia, na nyumba ya yatima ikazaliwa kutoka katika kazi hiyo hiyo, kwa watu wale wale waliokwisha kuzoea kutumika.

Mwaka wa 1840 Bibi Elizabeth Fry mwenyewe alifika Kaiserswerth kuyaona aliyosikia. Mwanafunzi amekuwa mwenzi wa mwalimu wake. Miaka kumi baadaye akaja Florence Nightingale, na mwaka uliofuata akarudi kukaa miezi mitatu.

Gharama ya kazi

Tusiwafiche wasomaji kwamba kazi hii ilikuwa na gharama. Fliedner alikuwa mtu wa amri, mgumu kwa nafsi yake na kwa wengine. Alisafiri mara nyingi, na kila aliposafiri mzigo wote ulimwangukia Friederike: wafungwa waliofunguliwa, wagonjwa, mashemasi, na watoto wake mwenyewe. Alizaa watoto wengi, na wengi wao akawazika. Tarehe 22 Aprili, 1842, mama huyo akafariki, hajatimiza miaka 43. Mwaka wa 1843 Fliedner alimwoa Caroline Bertheau wa Hamburg, aliyekuwa amezoea kazi ya hospitali, na yeye ndiye aliyeilinda nyumba ile miaka mingi hata baada ya mumewe kufa. Wale wanaotaka kuanza kazi ya huruma na wakumbuke jambo hili: mzigo ugawanywe tangu siku ya kwanza, usiachiwe mtu mmoja, hasa mke wa nyumba ambaye hakuulizwa.

Miaka ya mwisho Fliedner aliwapeleka mashemasi mbali. Mwaka wa 1849 aliwafikisha Pittsburgh katika Marekani, na mwaka wa 1851 Yerusalemu. Bara letu la Afrika lilipata fungu lake pia, kwa kuwa mwaka wa 1857 hospitali ya mashemasi wa Kaiserswerth ilianza huko Alexandria katika Misri. Mfano wao ukaenea, hata leo chini ya mlima Kilimanjaro, huko Moshi, wako masista wa Kilutheri wa Ushirika wa Neema, Waafrika wenyewe, wanaotumika kwa namna hiyo.

Kifua kilimsumbua kwa miaka mingi, akawa hana sauti wala nguvu, lakini hakuacha kuandika na kuagiza. Alikufa Kaiserswerth tarehe 4 Oktoba, 1864, mwenye umri wa miaka 64. Siku ile palikuwa na nyumba zipatazo 30 za mashemasi wa kike zilizofuata mfano wake, na mashemasi wapatao 1,600. Yote yalitoka katika kibanda cha futi 12.

Mafundisho kwa chama chetu

Wapendwa wanachama, na wazee wetu wa heshima, yatupasa kujiuliza maisha haya yatufaa nini. Sisi si matajiri, lakini Kaiserswerth pia hapakuwa na tajiri, na kiwanda chao kilikuwa kimefungwa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Kwanza, Fliedner alianza na mtu mmoja. Hakungoja jengo. Tawi lisiloweza kusaidia kumi laweza kusaidia mmoja, na mmoja huyo ana jina, ana mama, ana kijiji.

Pili, alimjua mfungwa kabla hajatoka. Yeye na wenzake walikwenda gerezani, wakasema naye, wakapima nia yake. Msaada unaoanza baada ya mlango kufunguliwa huwa umechelewa, maana wako wengine wanaongoja pale nje nao wana mipango yao.

Tatu, hakutoa fedha mkononi. Alitoa mahali pa kulala, kazi ya kufanya, na mtu wa kumwangalia. Jembe, cherehani au randa, pamoja na mzee mmoja wa kumdhamini kwa tajiri, vyaweza kumfaa zaidi kuliko noti inayokwisha jioni ile ile.

Nne, hakumdanganya jirani. Aliyempokea mtu alielezwa habari zake. Sisi nasi tusimpeleke mtu kijijini kwa siri. Wazee wa mji na aliyekosewa wajulishwe kwanza, na palipo na deni la kulipwa, lizungumzwe kwa desturi zetu. Mila zetu zilijua kupatanisha kabla gereza halijajengwa katika nchi hii.

Tano, alikubali kwamba wengine wataanguka tena. Chama kitakachoanza kazi hii kikidhani kwamba kila mmoja atatengenea, kitaiacha katika mwaka wa kwanza.

Hatusemi kwamba mjane aachwe. Twasema kwamba mfungwa naye ana mke na watoto, na mara nyingi mjane na yatima tunaowaandika katika daftari letu ni mke na mtoto wa mtu aliye hai, ambaye aliona haya kurudi nyumbani.

Twawaomba wenyeviti wa matawi walisome fungu hili mbele ya wanachama, wazee watoe maneno yao kwa pande zote mbili, na tawi liseme wazi kama liko tayari kumpokea mtu mmoja, au haliko, na kwa sababu gani. Majibu yaletwe kwa mwandishi wa chama kabla ya mkutano mkuu, ili shauri hili liamuliwe na wote.